Upimaji wa Maoni: Kura Isiyo na Sanduku

Mtu wa Dodoma akisikia "kura za maoni" mwaka wa uchaguzi, anajua wanachama wa CCM wanatafuta nani asimame ubunge na udiwani. Mzanzibari anakumbuka tarehe 31 Julai 2010, alipoulizwa kama anaitaka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na takriban theluthi mbili ya wapiga kura wakaikubali. Mkenya anakumbuka Agosti 4 ya mwaka huohuo, siku ya Katiba mpya. Watu wa Mbarara, Uganda, watakutajia mwaka 2000 na 2005, Waganda walipoulizwa mara mbili kuhusu mfumo wa vyama. Halafu redio inatangaza kwamba "kura ya maoni" inampa mgombea fulani asilimia kadhaa, na safari hii hakuna aliyepanga mstari wala kutumbukiza karatasi popote.

Jina moja limebebeshwa mizigo mitatu: mchujo wa chama, uamuzi wa nchi nzima, na kipimo cha yale watu wanayowaza. Wa kwanza hupeleka majina kwenye vikao vya uteuzi vya chama, na wa pili unafunga, maana Katiba iliyopita imepita. Wa tatu haufungi kitu. Ndiyo maana katika makala hii nauita *upimaji wa maoni*, na ningependa wahariri wetu wauite hivyo.

Wapo wanaosema "utafiti wa maoni" au "ukusanyaji wa maoni". Hilo la pili lina hatari yake. Mwaka 1991 Tanzania iliunda Tume ya Jaji Francis Nyalali izunguke nchi nzima kuwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Hadi leo takwimu hiyo hutajwa kana kwamba Watanzania wote walipimwa. Waliohesabiwa ni waliojitokeza na kusema, na kusema mbele ya tume, jirani na balozi wa nyumba kumi wakikusikia, kunahitaji moyo wa aina yake. Tume ilikusanya maoni, na ilikusanya kwa bidii, lakini haikuyapima. Kupima kunahitaji sampuli.

Hapa neno *kura* lenyewe linatusaidia kuliko tunavyodhani. Kabla ya masanduku na karatasi za siri, kura ilikuwa bahati nasibu. Ndugu wakigawana shamba la marehemu baba yao walipiga kura, na kila mmoja akachukua kipande kilichomwangukia. Hakuna aliyechagua wala aliyependelewa. Upimaji wa maoni unafanya kazi kwa kura ya namna hiyo. Kinachopigiwa kura ni mhojiwa: nani ataulizwa kwa niaba ya wenzake. Maoni yanafuata baadaye.

Ndiyo maana swali la kijiweni, "Mbona mimi sijawahi kuulizwa?", linajibika. Shirika la Afrobarometer, ambalo limekuwa likiwahoji Waganda tangu mwaka 2000, kwa kawaida huchukua watu 2,400 nchini humo: maeneo 300, watu wanane kila eneo. Kama kura imepigwa kwa haki, matokeo yatapishana na hali halisi kwa takriban pointi mbili juu au chini, mara 95 katika kila 100. Ukihoji 1,200, pengo linakuwa kama pointi tatu. Kuongeza watu hakusaidii kama mlango wa kuingilia kwenye sampuli umeegemea upande mmoja. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi milioni 10 na kupokea majibu zaidi ya milioni mbili. Likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt, naye Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. George Gallup, kwa sampuli ndogo zaidi kwa mbali, alikuwa amemtaja mshindi sawasawa. Majina ya jarida yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na katika miaka ile ya njaa mwenye simu na gari hakuwa mwananchi wa kawaida. Mali ndiyo iliyochagua nani aulizwe siasa. Shirika la Twaweza walipoanzisha Sauti za Wananchi, mradi unaowahoji watu kwa simu, walilikwepa shimo hilo kwa kuzipa kaya zilizochaguliwa simu na chaja ya sola.

Tuuangalie mlango kwa karibu. Mdadisi anafika kijijini na mahali pa kuanzia alipopangiwa. Anahesabu nyumba kwa kuruka idadi aliyoelekezwa, na haruhusiwi kuihama nyumba yenye mbwa mkali kwenda kwa yule anayemkaribisha chai. Kama mhojiwa aliyetangulia alikuwa mwanamume, sasa ni zamu ya mwanamke. Wanawake wazima wa nyumba hiyo wanaandikwa wote, mkwe na nyanya wamo, kisha karata zinachanganywa na mmoja wa nyumba anachomoa bila kuangalia. Siku hizi tableti inafanya kazi hiyo. Ikimwangukia nyanya asiyejua kusoma, huyo ndiye atakayesikilizwa, hata mwanawe mwalimu akisema, "Niulizeni mimi, mama haelewi mambo haya." Sijui shughuli nyingine ya umma katika nchi zetu inayomkalisha nyanya huyo kitini na kumuuliza habari za rais, bunge na mfuko wake kwa saa nzima, kwa lugha aliyoichagua mwenyewe.

Majibu yake huonyesha mambo ambayo sanduku la kura haliwezi kuyaonyesha. Mwaka 2017, suala la kuondoa ukomo wa miaka 75 kwa mgombea urais lilipokuwa likizungumzwa Uganda, wahojiwa wa Afrobarometer, takriban robo tatu yao, walitaka ukomo ubaki. Desemba ya mwaka huo bunge likauondoa. Ajabu ni kwamba wengi katika wahojiwa haohao walisema wanamwamini rais. Msomaji wa haraka ataona watu wasiojielewa. Mimi naona watu wanaoweza kumpenda mtu na bado wakataka mlango wa kutokea uwepo. Karatasi ya uchaguzi ina nafasi ya alama moja tu, na mawazo hayo mawili hayaenei hapo.

Kwenye mali, wapimaji hawa wameacha kuuliza mshahara, kwa sababu mwenye ng'ombe na migomba wa Isingiro, Uganda, hana mshahara wa kuutaja. Wanauliza alivyokosa. Katika mwaka uliopita, ni mara ngapi wewe au mtu wa nyumbani kwako mmekosa chakula cha kutosha? Maji safi? Dawa au matibabu? Kuni au mafuta ya kupikia? Fedha mkononi? Ngazi za jibu ni tano: hata siku moja, mara moja au mbili, mara kadhaa, mara nyingi, kila mara. Wastani wake ndio kipimo chao cha umaskini, na kwangu ni kipimo cha heshima, kwa sababu kinamwacha mtu aeleze siku zake bila kulazimika kujiita maskini.

Sasa tufike Oruchinga, mahali ambapo upimaji huu unafikia mpaka wake. Makazi haya ya wakimbizi na jirani yake Nakivale yamo wilayani Isingiro, wilaya iliyomegwa kutoka Mbarara mwaka 2005, na yote mawili yalianza kupokea Wanyarwanda kati ya mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo Nakivale peke yake ina zaidi ya watu laki moja na nusu: Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengine. Upimaji wa Afrobarometer huchukua raia waliofikia umri wa kupiga kura. Kwa hiyo mdadisi anaweza kumhoji mkulima Mnyankore wa kijiji kinachopakana na makazi, akaacha nyumba ya pili ambayo mwenyewe ameishi hapo tangu utotoni, kwa kuwa huyo ni mkimbizi. Takwimu inayosema "Waganda wanaona hivi" ni ya kweli kwa Waganda. Anayeisoma kama sauti ya watu wote wa Isingiro anakosea. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 nayo inamkataza mkimbizi kujihusisha na siasa za Uganda, za kijijini au za taifa.

Hata hivyo mkimbizi haishi kuulizwa, na anachoulizwa ni mali. Tangu fedha za msaada zilipopungua, na mgao wa chakula ukashuka hadi asilimia 70 ya mgao kamili mwaka 2020 na 60 mwaka 2021, imebidi wagawaji wajue nani ana shida kuliko mwenzake. Mwaka 2023 kaya ziligawanywa makundi matatu kwa kiwango cha shida, na kundi la shida ndogo zaidi, lililohesabiwa kuwa linajimudu, likatolewa kabisa kwenye mgao. Fikiria basi swali likiulizwa mlangoni: "Mama, hapa mnakula mara ngapi kwa siku?" Mama anamtazama kijana mwenye tableti, anawaza wajukuu, anawaza mbuzi wawili walio nyuma ya nyumba, anajibu: "Mara moja, mwanangu." Huenda ni kweli tupu. Huenda jana walikula mara mbili. Vyovyote iwavyo, jibu lake linakwenda moja kwa moja kwenye sufuria yake, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu kwa kulipima kabla ya kulitoa.

Hapo ndipo ningeongeza sharti moja katika maana ya istilahi yetu. *Upimaji wa maoni* ni kuuliza sampuli iliyopatikana kwa kura, kwa maswali yaleyale, ambapo jibu halimrudii aliyelitoa, kwa faida wala kwa hasara. Zoezi linaloamua nani apate posho liitwe jina lake, *tathmini ya mahitaji*, na matokeo yake yasichapwe kama maoni ya wakimbizi kuhusu maisha yao.

Sharti hilo linawahusu wapimaji pia. Julai 2018 Twaweza walichapisha kwamba waliokubali utendaji wa Rais Magufuli wa Tanzania walikuwa wameshuka kutoka asilimia 96 mwaka 2016, hadi 71 mwaka 2017, hadi 55. Tume ya Sayansi na Teknolojia ikawaandikia barua kutaka maelezo, na mkurugenzi wao, Aidan Eyakuze, akanyang'anywa pasipoti. Mhojiwa akisikia habari kama hiyo, mwaka unaofuata atajibu nini? Afrobarometer hufunga mahojiano kwa kumuuliza mtu anadhani nani amewatuma, na wengi hujibu kwamba ni serikali. Kwangu swali hilo lina uzito kuliko yote yaliyotangulia, na ningetaka jibu lake lichapwe pembeni ya kila asilimia.

Wakimbizi wa Oruchinga na Nakivale wana siasa zao: wanachagua wenyeviti wa mabaraza yao ya ustawi kwa ngazi tatu, kama Waganda wanavyochagua mabaraza ya mitaa. Siku watakapopimwa maoni, hojaji itahitaji Kiswahili, kwa kuwa ndicho Mkongomani na Mrundi wanachouziana maharage sokoni. Mfasiri wake atakwama kwenye swali jepesi kuliko yote, "Una imani na serikali?" Atakayejibu atauliza: serikali ipi, ya Kinshasa au Bujumbura niliyoikimbia, ya Kampala iliyonipa kipande cha shamba, au ofisi ya kamanda wa kambi inayoniandika? Swali hilo itabidi ligawanywe matatu, kila serikali itajwe kwa jina.