Michezo ya video ya zamani nchini Tanzania

Michezo ya video ya zamani nchini Tanzania ni michezo ya kielektroniki iliyoenea nchini kuanzia miaka ya 1990, pamoja na mashine, kaseti, diski na pedi zilizotumika kuichezea. Sehemu kubwa ya vifaa hivyo haitengenezwi tena. Watu huvitafuta na kuvikusanya kwa kukumbuka utoto wao, kwa biashara au kwa kuhifadhi historia.

Watanzania wengi wa kizazi hicho hawakucheza kwa mashine halisi za Kijapani nyumbani kwao. Walicheza kwa nakala za bei nafuu, katika vibanda vya kulipia na kwenye simu za mkononi. Kwa hiyo vitu ambavyo wakusanyaji wa nchi nyingine huviita feki ndivyo ushahidi mkubwa wa historia ya michezo hiyo nchini.

Historia

Chanzo

Mashine ya kwanza ya gemu ya kutumia nyumbani, Magnavox Odyssey, ilitolewa Marekani mwaka 1972. Mwaka huohuo kampuni ya Atari ilitoa Pong, mchezo unaofanana na tenisi ya mezani. Kampuni ya Nintendo ilitoa mashine ya Famicom nchini Japani mwezi Julai 1983. Toleo lake la nje, NES, liliingia Marekani mwaka 1985. Mchezo wa Super Mario Bros. ulitolewa mwaka huo.

Kuingia Tanzania

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake kutoka nje. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, lakini vituo vya kwanza vya televisheni vya Tanzania Bara vilianza mwaka 1994. Mashine ya gemu ya nyumbani huunganishwa na televisheni, kwa hiyo familia isiyo na televisheni haikuwa na sababu ya kuinunua.

Televisheni zilipoanza kuenea Bara, Famicom ilikuwa imetimiza zaidi ya miaka kumi. Teknolojia yake ilikuwa imezeeka na ilikuwa rahisi kuigwa. Viwanda vya Asia viliweza kukusanya kazi za mashine nzima katika chipu moja na kuiuza kwa bei ndogo. Hivyo kuchelewa kwa televisheni kulichangia kuamua ni mashine gani ingefika kwa watoto wa Kitanzania.

Mashine za kaseti

Nakala za Famicom zilienea katika nchi nyingi kwa majina tofauti: Dendy nchini Urusi, Pegasus nchini Poland na Golden China nchini Afrika Kusini. Baadhi zilifungwa katika umbo la PlayStation, lakini aliyefungua kifuniko cha diski alikuta tundu la kaseti.

Kaseti ya gemu ni kisanduku cha plastiki chenye bodi ya saketi ndani yake. Nyingi ziliandikwa kwamba zina maelfu au hata mamilioni ya michezo. Kwa kweli zilikuwa na michezo michache iliyorudiwa kwa majina mengine, au iliyoanzia hatua tofauti.

Vibanda vya gemu

PlayStation ya kampuni ya Sony ilitolewa Japani mwezi Desemba 1994, na PlayStation 2 ikafuata mwezi Machi 2000. Zilitumia diski badala ya kaseti. Mashine nyingi ziliwekewa chipu na mafundi ili zikubali diski za kopi, kwa kuwa diski halisi zilikuwa ghali.

Mashine moja iliweza kuhudumia mtaa mzima. Mwenye kibanda aliweka televisheni na pedi mbili, na wachezaji walilipa kwa mechi au kwa muda. Desturi ya kawaida ilikuwa mshindi hubaki na aliyeshindwa huachia pedi. Michezo ya mpira wa miguu ilipendwa zaidi. Vibanda hivi vilifanana na vibanda umiza, yaani vyumba vya kulipia kutazama filamu na mechi.

Wazazi na walimu wengi walivilaumu kwa utoro wa wanafunzi na kwa watoto kutumia fedha walizotumwa dukani. Kwa upande mwingine, mtoto asiye na televisheni kwao alipata mahali pa kucheza, na mashabiki wake wakisimama nyuma yake. Ndiyo maana kumbukumbu za michezo hii nchini ni za kundi la watu kuliko za mtu mmoja chumbani.

Gemu za mkononi na simu

Mahali pasipo na umeme, gemu zilichezwa kwa vifaa vya betri. Kifaa kilichoitwa Brick Game kilikuwa na kioo kisicho na rangi na michezo ya kupanga matofali, iliyoiga Tetris. Tetris ilibuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984.

Gemu ya nyoka iliwekwa kwenye simu ya Nokia 6110 mwaka 1997, kisha kwenye Nokia 3310 iliyotolewa mwaka 2000. Kwa watu wengi simu hiyo ilikuwa ya baba au mama, na mtoto alicheza kwa ruhusa mpaka chaji ilipopungua.

Tunduma na Mkoa wa Songwe

Tunduma ni mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliotengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Ng'ambo ya mpaka uko mji wa Nakonde, Zambia. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia na reli ya TAZARA hupita hapo.

Biashara ya mji hutegemea njia hizo, na bidhaa ndogo za umeme ni sehemu yake. Televisheni, redio na mashine za gemu, mpya na za mtumba, husafiri pamoja na mizigo mingine kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda nchi za jirani. Katika miji ya aina hii, fundi wa redio na televisheni ndiye aliyerefusha maisha ya mashine za gemu kwa kuunga waya za pedi na kubadili vipuri.

Ukusanyaji

Katika soko la dunia, thamani ya mchezo wa zamani hutegemea uhaba wake na hali yake. Mwaka 2021 nakala ya Super Mario Bros. ambayo haijawahi kufunguliwa iliuzwa kwa dola milioni 2 za Marekani. Bei ya namna hiyo hulipwa kwa kitu ambacho hakikuchezwa kamwe. Vifaa vya Tanzania ni kinyume chake: vilifunguliwa, vikaazimwa na vikachezwa mpaka herufi za vitufe zikafutika. Thamani yake sokoni ni ndogo, lakini thamani yake ya kihistoria imo katika matumizi hayo.

Uharibifu wa vifaa

Vifaa vya zamani huharibika kwa njia kadhaa:

- Betri ndogo iliyomo katika baadhi ya kaseti huisha, na maendeleo ya mchezaji yaliyohifadhiwa hupotea.
- Betri zilizoachwa ndani ya kifaa huvuja na kula vyuma vya saketi.
- Sehemu ya kusomea diski ya PlayStation za kwanza huchakaa. Wachezaji wengi waliigeuza mashine juu chini ili isome.
- Bunduki ya gemu ya mashine za kaseti haifanyi kazi kwenye televisheni bapa. Bunduki hiyo husoma mwanga wa kioo cha televisheni ya chogo mara tu kifyatuo kinapobonyezwa, wakati televisheni bapa huchelewesha picha.

Kwa sababu hiyo, anayetupa televisheni ya chogo hutupa pia uwezo wa kucheza baadhi ya michezo.

Uhifadhi

Utafiti wa shirika la Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani haipatikani tena kwa kununuliwa kihalali. Nchi hiyo ina makumbusho ya michezo, kwa mfano The Strong mjini Rochester. Mwaka 2014 kaseti za Atari zilizofukiwa jalalani huko Alamogordo mwaka 1983 zilichimbuliwa, na moja ikapelekwa katika makumbusho ya Smithsonian.

Nakala za Famicom ziko katika hatari kubwa zaidi. Nyingi hazikuandikwa jina la mtengenezaji wala mwaka, na zikiharibika huvunjwa kwa ajili ya vipuri au huuzwa kama chakavu. Programu za kuigiza mashine za zamani huweza kuhifadhi mchezo wenyewe, lakini haziwezi kuonyesha jinsi kibanda kilivyoendeshwa, malipo yalivyokuwa na kanuni za kupokezana pedi. Habari hizo zimo katika kumbukumbu za wachezaji, mafundi na wenye vibanda. Picha ya kifaa, ikiambatana na maelezo ya mahali na mwaka kilipotumika, huhifadhi zaidi ya kifaa peke yake.

Tazama pia

- Bao
- Mkoa wa Songwe
- Tunduma
- Televisheni