Mtumishi wa Dola na Mlima wa Tahan

Mwaka 1905 Waingereza walifungua mjini Kuala Kangsar, katika nchi ya Perak, chuo cha kuwalea watoto wa masultani na wakuu wa Kimalay. Sisi wa Uganda hatuna la kushangaa, kwani mwaka uliofuata wamisionari walifungua King's College Budo kwa ajili ya watoto wa machifu. Hesabu zilikuwa zile zile: kijana afunzwe Kiingereza, michezo na adabu za ofisi, kisha apewe cheo kilicho chini ya Mzungu na juu ya ndugu zake. Mwaka 1910 wahitimu hao walitengewa idara yao ya utawala, na ni wachache tu waliopandishwa kutoka humo hadi utumishi wa juu.

Katika ngazi hiyo alipita Ishak Haji Muhammad, mzaliwa wa Pahang, mwaka 1909. Alisomeshwa Kiingereza, akafundishwa kazi Kuala Kangsar, akawa ofisa mdogo wa wilaya na hakimu wa daraja la chini. Katikati ya miaka ya 1930 aliuvua ukubwa huo, akaenda kuandika magazetini, tena kwa Kimalay.

Mwishoni mwa miaka hiyo akatoa riwaya iitwayo Putera Gunung Tahan, yaani Mwana wa Mfalme wa Mlima Tahan. Tahan ni mlima wa kweli, mrefu kupita yote katika rasi ya Malaya. Katika riwaya, Waingereza wawili wanauendea kwa tamaa ya kuutwaa, kumbe kileleni yuko mtawala wa Kimalay mwenye nguvu za ajabu. Mwaka 1941 ikafuata Anak Mat Lela Gila.

Wako wasomaji wanaoiona riwaya ile ya kwanza kuwa ngano ya kuwafurahisha watoto. Hatukubaliani nao. Mtu aliyekaa ofisini mwa mkoloni anajua neno lipi litamfikisha kizimbani. Akitaka kusema kwamba nchi ina wenyewe, hulipeleka neno lake mlimani, kwa viumbe wasioonekana. Shaaban Robert, naye mzaliwa wa mwaka 1909, naye karani wa serikali kwa miaka mingi, alifanya vivyo hivyo katika Kusadikika (1951): nchi aliipeleka angani, na mashtaka ya Karama akayaweka humo. Hatuna ushahidi kwamba mmoja alimsoma mwenzake, wala hatuuhitaji. Meza ya karani iliwafundisha wote wawili. Shuleni mwetu Kusadikika husomwa kwa mafunzo ya maadili, na ukarani wa mtungaji hutajwa katika mstari mmoja wa wasifu. Twaona huo ni upungufu mkubwa.

Haki inatudai tuseme pia kwamba si kila aliyebaki ofisini alikuwa kibaraka. Abdul Razak alisoma Kuala Kangsar, akaingia idara ile ile mwaka 1939, na mwaka 1970 akawa Waziri Mkuu wa Malaysia. Wenye kubaki walijifunza kuendesha dola, ambayo siku moja ingekuwa yao.

Ishak njia yake ilikuwa nyingine. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1948, Waingereza walimtia kizuizini kwa miaka kadhaa. Alifariki mwaka 1991.