Uzalishaji wa mbwa wa kazi

Uzalishaji wa mbwa wa kazi ni uchaguzi wa mbwa dume na jike wa kupandishwa ili watoto wao wawe na afya, viungo imara na uwezo wa kufanya kazi maalumu kama vile kuchunga kondoo, kuwinda, kulinda, kunusa vitu vilivyofichwa au kuwaongoza watu wasioona. Unatofautiana na uzalishaji wa mbwa wa maonyesho, ambao huangalia zaidi umbo, rangi na manyoya. Mbwa mzuri wa sura lakini asiyeweza kukimbia siku nzima, au anayeogopa mlio wa bunduki, hana thamani kwa mchungaji wala kwa polisi.

Historia

Kwa maelfu ya miaka wafugaji walichagua mbwa bila vitabu vya nasaba: aliyefanya kazi vizuri alipandishwa, asiyefaa hakupandishwa. Mfano mashuhuri ni Old Hemp, aliyezaliwa mwaka 1893 kwa mfugaji Adam Telfer huko Northumberland, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, Roy, alikuwa mchangamfu na mwepesi wa kuzoeana na watu. Mama yake, Meg, alikuwa mwoga, lakini alikuwa na "jicho" kali, yaani uwezo wa kuwatawala kondoo kwa kuwakodolea macho tu bila kubweka wala kuuma. Hemp alirithi nguvu ya mama bila woga wake. Wachungaji wengi walileta majike wao kwake, na leo Border Collie karibu wote wana damu yake. Chama cha kimataifa cha mbwa wa kondoo kilichoanzishwa mwaka 1906 bado kinaweza kumwandikisha mbwa asiye na nasaba inayojulikana, mradi athibitishe uwezo wake kazini.

Nchini Ujerumani, kapteni wa farasi Max von Stephanitz alimnunua mwaka 1899 mbwa aliyempa jina Horand von Grafrath, akamfanya wa kwanza katika kitabu cha nasaba cha mchungaji wa Kijerumani. Stephanitz alisisitiza kwamba matumizi ndiyo kipimo cha mbwa huyo. Ufugaji wa mifugo ulipopungua aliipeleka mbegu yake kwenye polisi na jeshi. Hata hivyo, baada yake nasaba za maonyesho na nasaba za kazi ziliachana, kiasi kwamba mbwa wa pande hizo mbili hutofautiana wazi kwa mgongo na kwa tabia. Leo majeshi na polisi wengi wanapendelea Malinois wa Ubelgiji, ambaye ni mwepesi zaidi.

Nyonga

Ugonjwa uliowasumbua wazalishaji kuliko mwingine wowote ni displasia ya nyonga. Nyonga ni kiungo cha tufe na kikombe: kichwa cha mfupa wa paja hukaa ndani ya kikombe cha fupanyonga. Mtoto wa mbwa huzaliwa na nyonga zinazoonekana za kawaida, lakini kwa wengine kiungo hulegea katika miezi ya kwanza, mifupa husuguana, na baadaye baridi yabisi huingia. Mbwa wakubwa kama mchungaji wa Kijerumani na Labrador huathirika sana. Kwa mbwa wa kazi hasara ni kubwa, kwa sababu ugonjwa mara nyingi hujitokeza baada ya mafunzo ya gharama kubwa kukamilika.

Displasia hairithiwi kupitia jeni moja bali nyingi, na malezi pia huchangia. Katika utafiti mmoja wa Marekani, Labrador 48 walifuatiliwa maisha yao yote. Nusu yao walipewa chakula pungufu kwa 25% kuliko wenzao. Waliokula kidogo walipata matatizo machache ya nyonga, na kwa kawaida waliishi karibu miaka miwili zaidi. Kwa hiyo nyonga nzuri ya mbwa mmoja huenda imetokana na lishe tu. Mzalishaji makini hutazama picha za eksirei za wazazi, ndugu na watoto wa mbwa, si yake peke yake. Pia hasubiri kidogo tu: Orthopedic Foundation for Animals, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1966, halitoi cheti cha mwisho cha nyonga kabla mbwa hajatimiza miezi 24.

The Seeing Eye, shule ya Marekani ya mbwa wa kuwaongoza wasioona iliyoanzishwa mwaka 1929, ilitumia hesabu za ukoo mzima namna hii. Katika vizazi visivyofika vitano idadi ya mbwa wenye displasia ilipungua kwa zaidi ya nusu. Shule hiyo ilikuwa na faida ambayo mfugaji wa kawaida hana: inamiliki mbwa wake wa kuzalisha, na hupata habari za watoto wote, hata wale walioshindwa.

Magonjwa ya jeni moja na hatari ya kuchuja kupita kiasi

Magonjwa mengine hurithiwa kwa jeni moja fichu. Mbwa mwenye nakala moja ya jeni hiyo ni mzima lakini ni mbebaji. Wabebaji wawili wakipandishwa, kwa wastani robo ya watoto huugua na nusu huwa wabebaji. Kipimo cha DNA humwezesha mzalishaji kumpandisha mbebaji mwenye kipaji na mbwa asiye na jeni hiyo, na hakuna mtoto atakayeugua.

Kisa cha Basenji kinaonyesha kwa nini kumwondoa kila mbebaji si busara. Basenji ni mbwa wa kuwinda wa misitu ya Kongo, asiyebweka kama mbwa wengine. Wawindaji humfunga kengele ya mbao shingoni ili wajue alipo anaposukuma wanyama kuelekea kwenye nyavu. Jina lake lina shina moja na neno la Kiswahili "washenzi", dharau ambayo mbwa huyo hakuistahili. Basenji wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache mno. Ilipogunduliwa kuwa wengi wanabeba ugonjwa wa upungufu wa damu, wabebaji waliondolewa, na ukoo mdogo ukawa mdogo zaidi. Kisha ugonjwa wa Fanconi, unaoharibu figo, ulionekana kuenea. Mwaka 1990 kitabu cha nasaba cha Marekani kilifunguliwa ili kupokea mbwa 14 wenye asili ya Zaire ya wakati huo, na kipimo cha DNA cha Fanconi kilipatikana mwaka 2007.

Hatari kama hiyo huletwa na dume mmoja anayependwa na kila mtu. Watoto wake wakiwa mamia, wajukuu hukosa wenza wasio ndugu. Kipimo cha uzaliano wa ndugu ni 6.25% kwa watoto wa binamu wa kwanza, 12.5% kwa ndugu wa mzazi mmoja na 25% kwa ndugu wa baba na mama.

Tabia na uwezo

Tabia hurithiwa kwa sehemu, lakini haionekani kwenye eksirei. Woga ni sababu kubwa ya mbwa wa kuongoza wasioona kukataliwa, na wa kunusa huchaguliwa kwa hamu yao ya kutafuta mpira au kitu kingine cha kuchezea bila kukata tamaa. Ndiyo maana mbwa hujaribiwa kazini kabla ya kupandishwa.

Afrika Mashariki

Mbwa wa kunusa pembe za ndovu hufanya kazi katika bandari na viwanja vya ndege vya Kenya na Tanzania. African Wildlife Foundation huwafunza pamoja na askari wao huko Usa River, karibu na Arusha. Mbwa wa nasaba za Ulaya huugua sana nagana, inayoenezwa na mbung'o, na magonjwa ya kupe. Koli na jamaa zao wana tatizo jingine: wengi hubeba badiliko la jeni ya MDR1, ambalo hufanya dozi kubwa ya ivermektini, dawa ya kawaida ya mifugo, ipenye ubongoni na kuweza kuwaua.