Pumzi ya Mwingereza katika Kinywa cha Mjerumani

Kila mwanadamu huvuta pumzi, awe Mwingereza, Mjerumani au Mgiriama. Lakini si kila lugha huitaja pumzi kwa njia moja. Sisi husema kwamba mgonjwa amekata roho, wala hatutafuti kisu kilichoikata. Mgeni atakayeyafasiri maneno hayo moja moja atapata upuuzi mtupu. Twaa basi mfano wa lugha mbili za Ulaya, Kiingereza na Kijerumani, nao utakuonyesha jinsi kazi ya kufasiri ilivyo nzito, na jinsi kosa lililomo katika jina liwezavyo kuishi miaka mingi kuliko mtu aliyelitunga.

Lugha hizo mbili ni za ukoo mmoja. Mjerumani huiita pumzi "Atem". Waingereza wa kale nao walikuwa na neno la nasaba hiyo hiyo, lakini lilikufa, na mahali pake pakashikwa na "breath", neno ambalo hapo kwanza lilikuwa na maana ya harufu au mvuke. Tena Waingereza walijitajirisha kwa maneno ya Kilatini, na mojawapo ni "expire". Neno hilo laweza kuwa na maana ya kutoa pumzi, au kufa, au kwisha muda, kama vile leseni iishavyo muda wake. Mjerumani hana neno moja la kuyabeba yote hayo. Kwa pumzi husema "ausatmen", kwa kifo "sterben", na kwa muda "ablaufen". Mfasiri asiyeuliza maana kwanza huenda akamwua mtu aliyetoa pumzi tu!

Ndivyo ilivyo pia kwa misemo. Mgonjwa apigwapo picha ya kifua, Mwingereza humwambia "aishike" pumzi yake. Mjerumani humwambia "aisimamishe" hewa. Sisi humwambia aizuie. Mwingereza anong'onapo, husemwa kuwa anena "chini ya pumzi yake". Mjerumani husema tu kwamba anena kwa sauti ndogo, na pumzi haitajwi kabisa. Mfasiri mwema haoni haya kuliacha neno, maadamu maana imefika salama.

Lakini mtihani mkubwa ulikuja katika karne ya 18, wataalamu walipoanza kuichunguza hewa yenyewe tuivutayo. Tarehe 1 Agosti 1774, mhubiri wa Kiingereza aitwaye Joseph Priestley alikusanya miali ya jua kwa kioo, akaichoma kwayo oksidi nyekundu ya zebaki. Ikatoka hewa iliyoufanya mshumaa uwake kwa nguvu za ajabu. Mwaka uliofuata alimtia panya katika hewa hiyo, na panya akaishi muda mrefu kuliko ambavyo angaliishi katika kiasi kama hicho cha hewa ya kawaida. Hatimaye Priestley akaivuta yeye mwenyewe, akaona kifua chake kimekuwa chepesi.

Je, hewa hiyo iitweje? Wakati ule wengi waliamini kwamba kila kitu kiwakacho hutoa kitu kiitwacho flojistoni. Priestley akaiita hewa yake "hewa iliyoondolewa flojistoni", na Wajerumani wakalichukua jina hilo refu karibu lilivyo. Waingereza wengine wakaiita "vital air", nao Wajerumani wakafasiri vizuri, "Lebensluft", yaani hewa ya uhai. Carl Wilhelm Scheele, aliyeipata hewa hiyo hiyo nchini Sweden, aliiita "hewa ya moto" katika kitabu chake kilichochapwa kwa Kijerumani mwaka 1777.

Ndipo Mfaransa Antoine Lavoisier alipoivunja nadharia ya flojistoni. Hata hivyo, yeye naye alidhani kwamba hewa hiyo imo katika kila asidi. Kwa hiyo akaunda jina kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "kizaa asidi". Waingereza wakalikopa jina hilo bila kulifungua, wakasema "oxygen". Wajerumani walilifungua, wakalifasiri kipande kwa kipande: "Sauerstoff", yaani kitu cha uchachu. Kumbe Lavoisier alikuwa amekosea! Mwaka 1810 Mwingereza Humphry Davy alieleza kwamba klorini ni elementi, na kwamba asidi itokanayo na klorini na hidrojeni haina oksijeni ndani yake. Kosa la Lavoisier limefichika katika Kigiriki cha Waingereza, bali katika Kijerumani liko wazi, na kila mtoto wa shule hulitamka hadi leo.

Tazama na naitrojeni, ambayo ni kama sehemu 78 katika kila sehemu 100 za hewa yetu. Jina la Kiingereza lataja shura, ambayo naitrojeni imo ndani yake. Jina la Kijerumani, "Stickstoff", lataja kusongwa pumzi, kwa sababu mnyama akifungiwa katika naitrojeni tupu hufa kwa kukosa oksijeni. Hapa mfasiri hulikuta neno la pumzi upande wa Kijerumani mahali ambapo Kiingereza hakikulitia.

Nasi katika Kiswahili twasema oksijeni na naitrojeni. Tumeifuata njia ya kukopa. Njia hiyo ina faida: hatukulifasiri kosa la Lavoisier, na mwanafunzi wetu hutambua majina hayo katika vitabu vya kigeni. Lakini ina hasara pia, kwani jina lililokopwa ni sauti tupu kwa yule ambaye hakuelezwa maana yake. Mtoto wa Kijerumani hupewa maana, ingawa maana yenyewe ina kasoro. Mtoto wa Kiswahili huweza kulikariri jina mwaka mzima asijue limetoka wapi.

Basi, msomaji kijana, ukutanapo na jina geni katika somo la sayansi, usiridhike kulikariri. Uliza nani alilitunga, alidhani nini, na kama alichodhani kilikuwa kweli. Huenda siku moja wewe ndiwe utakayeombwa kulitafutia jambo jipya jina la Kiswahili, na watoto wengi watalitamka jina hilo baada yako.