Umeme Ulivyoingia Bafuni

Wazee wetu wa Bukoba na Muleba hawakulijua bafu kama chumba cha nyumba. Msonge haukuwa nalo. Watu walioga uani, karibu na migomba, kwa maji yaliyochemshwa kwa kuni. Leo bafu limeingia ndani, lina vigae na shawa ya maji moto, na umeme umeingia pamoja nalo.

Umeme huo una historia yake. Mto Kagera humwaga maji yake Ziwa Victoria, na maji ya ziwa hutokea Jinja, ambako bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954. Katika miaka ya 1990 njia ya kilovolti 132 kutoka Masaka ilifika Kyaka, pale pale ambapo majeshi ya Idi Amin yalivunja daraja mwaka 1978. Bukoba, iliyozoea jenereta za dizeli, ikapata umeme wa Uganda. Maji yetu yakaturudia yakiwa umeme.

Lakini maji na umeme havikai chumba kimoja bila msimamizi. Waingereza walitoa kanuni zao za kwanza za kufunga nyaya mwaka 1882, na desturi zao ndizo tulizorithi, hata plagi ya pini tatu. Bafuni, swichi hukaa nje ya mlango au huvutwa kwa kamba, na soketi haisogelei maji. Sababu ni kwamba mwili uliolowa hupitisha umeme kwa urahisi.

Wengi hudhani sakiti breka itawaokoa. Sivyo. Breka ya ampea 20 hulinda waya usiungue, wakati binadamu huweza kuuawa na chini ya sehemu moja ya kumi ya ampea. Ndiyo maana katika miaka ya 1950 Henri Rubin, huko Afrika Kusini, alibuni kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukivuja kidogo tu, kinakata. Siku hizi kiwango cha kawaida cha kulinda mtu ni miliampea 30.

Kwa hiyo anayekarabati bafu apange nyaya kabla ya kununua vigae. Shawa ya wati 5,500 kwa volti 230 huvuta karibu ampea 24. Hapana budi iwe na waya wake mnene na breka yake, si kuungwa kwenye waya wa taa. Aidha, waya wa ethi, ule wa kijani na njano, usiachwe ati kwa kuwa taa inawaka bila huo. Kazi yake huonekana siku ya hatari tu. Kazi hii apewe fundi mwenye leseni ya EWURA.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Bafuni, usipopanga waya utabomoa ukuta, na hiyo ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni ya mtoto aliyeingia kuoga asubuhi ili awahi shule.