Mpya kwa Jina: Usugu wa Dawa za Kifua Kikuu, Vugiri na Handeni

Katika rejesta ya kifua kikuu, mgonjwa huandikwa mpya au aliyewahi kutibiwa. Mpya ni yule ambaye hajawahi kumeza dawa za ugonjwa huo, au alizimeza kwa muda usiofika mwezi mmoja. Hoja yangu ni kwamba neno hilo linaeleza historia ya mtu, si tabia ya vimelea alivyonavyo, na tumeliamini kupita kiasi.

Aliyewahi kutibiwa hupata usugu kwa njia inayojulikana. Tundu moja la pafu laweza kubeba vimelea milioni mia moja; takriban kimoja katika kila milioni hakiuawi na dawa ya isoniazidi, hata kabla ya kidonge cha kwanza. Dawa hiyo ikitumika peke yake, vingine hufa na sugu vikabaki vikizaana. Ndiyo maana dawa huunganishwa. Mgonjwa mpya mwenye usugu, kinyume chake, hakukatisha dozi yoyote. Alivuta hewa ya mtu aliyekohoa karibu naye.

Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu mwaka 1977, na hapo ndipo daktari Karel Styblo alipoonyesha kuwa matibabu yanayosimamiwa yanawezekana hata katika nchi maskini. Utafiti wa taifa wa 2006 na 2007 ulikuta usugu wa dawa nyingi, yaani wa isoniazidi na rifampisini kwa pamoja, kwa karibu asilimia 1 tu ya wagonjwa wapya, na mara kadhaa ya hapo kwa waliowahi kutibiwa. Ni sifa kubwa kwa wauguzi wa zahanati. Lakini asilimia hupotosha. Tuseme wapya ni 1,000 na waliowahi kutibiwa, yaani wa marudio, ni 100: asilimia 1 ya wale ni watu kumi, asilimia 5 ya hawa ni watano. Ukiwapima wa marudio peke yao, umewaacha walio wengi.

Tena, jina lenyewe hutegemea mdomo wa mgonjwa. Vugiri iko juu ya milima ya Usambara, kwenye chai. Handeni iko chini, kwenye nchi kavu. Kibarua aliyeanza dawa upande mmoja na kuhamia mwingine bila kadi, akaogopa kulaumiwa kwa kuziacha, atasema hajawahi kuumwa. Ataandikwa mpya.

Kosa la kuamini jina lilifika hata Shirika la Afya Duniani. Kwa miaka mingi wa marudio waliongezewa streptomisini juu ya dawa zilezile, katika tiba ya miezi minane, bila kujua zipi bado zinafanya kazi. Ushauri huo uliachwa mwaka 2017. Mashine ya GeneXpert, inayopima makohozi, imeleta nafuu kubwa, ila kipimo chake cha kawaida huona usugu wa rifampisini pekee. Usugu wa isoniazidi hupita bila kuonekana.

Makohozi ya mchuma chai wa Vugiri na ya mfugaji wa Handeni yapimwe usugu wa dawa zote mbili, rejesta iseme lolote itakalosema.