Treni ya SGR na Viunga vya Dar es Salaam: Pugu, Soga na Ruvu

Tangu Shirika la Reli Tanzania (TRC) lilipoanza safari za treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni, 2024, na kuzifikisha Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huo, mazungumzo mengi yamehusu safari ndefu. Vituo vitatu vya mwanzo, ambavyo abiria wa Dodoma huvipita akiwa bado anapanga mizigo yake, havijapewa uzito unaostahili, ingawa ndivyo vinavyoliunganisha jiji na viunga vyake.

Safari huanzia Stesheni ya Dar es Salaam, jengo ambalo umbo lake limebuniwa kwa kufuata madini ya tanzanite. Kutoka hapo njia hupita juu ya daraja refu la zaidi ya kilomita mbili, hivyo magari yaliyo chini hayalazimiki kuisubiri treni. Abiria hupata fursa adimu ya kuyaona mapaa ya Ilala kutoka juu, pamoja na reli ya zamani ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905. Reli hiyo ina upana wa mita moja. Mpya ina milimita 1,435.

Pugu ipo umbali wa kilomita 19. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) Juni 2024 ilikuwa Shilingi 1,000. Hapa ndipo Mwalimu Julius Nyerere alipofundisha kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 ili aitumikie TANU, na jina la Mwalimu halijamtoka hadi leo. Msitu wa Hifadhi wa Pugu na ule wa Kazimzumbwi, unaoelekea Kisarawe, ni mabaki ya misitu ya asili ya ukanda wa pwani. Kwa mkazi wa jiji asiye na muda wa kwenda mbugani, hapa panatosha.

Soga, kilomita 51, ipo mkoani Pwani. Nauli yake ilipangwa kuwa Shilingi 4,000, na ya Ruvu Shilingi 5,000. Ruvu ndio mto unaotiririka kutoka milima ya Uluguru na kulipatia jiji sehemu kubwa ya maji yake. Anayefungua bomba Sinza au Kimara anautumia pasipo kuuona. Karibu na hapo ipo Bandari Kavu ya Kwala, iliyojengwa ili kuipunguzia mzigo Bandari ya Dar es Salaam.

Anayekusudia kushuka njiani hana budi kukata tiketi ya treni ya kawaida, kwa kuwa treni za haraka hazisimami katika vituo vidogo. Ni vyema pia aulize mapema kuhusu usafiri wa kutoka kituoni, kwani umbali kati ya kituo na makazi ya watu unaweza kuwa mkubwa, na bodaboda huwa ndiyo tegemeo.

Jambo zito zaidi linawahusu wakazi wa kando ya njia. Treni husafiri hadi kilomita 160 kwa saa, na nyaya zake zina umeme wa volti 25,000. Anayekata uzio ili kufupisha njia ya kwenda shambani au kupitisha mifugo huhatarisha maisha yake na ya mamia ya abiria. Vivuko vya juu na vya chini vimejengwa kwa ajili ya watu, magari na mifugo, na ndivyo pekee vinavyoruhusiwa kutumika.